Barua ya Kuwafukuza Wachuuzi Isipelekwe



Katika mkutano wa tawi uliopita ilitolewa hoja kwamba chama chetu kiandike barua kwa Serikali ya Kaunti ya Kisii, na nakala yake ipelekwe Nyamira. Barua hiyo iombe mambo matatu: wachuuzi wote waondolewe kandokando ya barabara, mikokoteni ikatazwe kuingia mjini mchana, na watu wa pikipiki wafukuzwe katikati ya mji. Hoja ilipigiwa makofi mengi. Kura haikupigwa, kwa kuwa mvua ilianza na watu wakakimbilia magari yao. Basi itarudi mbele yetu katika mkutano ujao, nami naandika haya kuwaomba ndugu zangu muikatae.

Sisemi kwamba wenzetu walioileta hawana haki ya kulalamika. Kila dereva aliyepata kupita katikati ya mji wa Kisii saa kumi na moja jioni ajua taabu yenyewe. Barabara kuu itokayo Isebania na Migori kwenda upande wa Kisumu hupita humo humo mjini. Juu ya lami hiyo moja utakuta lori la mizigo, matatu za Keroka na Nyamira na Ogembo, pikipiki zenye abiria wawili na godoro, mkokoteni wa ndizi unaosukumwa na vijana wawili wakipanda mlima, watoto wa shule, wagonjwa waendao hospitali, na omong'ina aliyetandika gunia lake hatua mbili kutoka gurudumu lako. Baisikeli ni chache kwetu kwa sababu ya vilima, lakini zipo, na mwenye baisikeli ndiye hana mahali kabisa: dereva humpigia honi atoke, na mwenda kwa miguu humpigia kelele asiingie kwake. Dereva akimaliza zamu hapo kichwa kinamuuma. Hayo ni kweli.

Lakini hoja ilisema kwamba watu hawa wote wako barabarani kwa ukaidi. Hapo ndipo nisipokubali.

Tazameni mahali wanapopita. Mji wetu umejengwa katika miteremko, na mvua ya alasiri kwetu si habari ya kushangaza. Mtu atokaye sokoni na mzigo kichwani akitazama pembeni ya lami aona nini? Aona mtaro ulio wazi. Usipokuwa mtaro, ni tope. Lisipokuwa tope, ni motokaa iliyoegeshwa, na nyingine miongoni mwa hizo ni magari yetu yakingojea abiria. Pasipo motokaa pana meza ya mitumba. Basi afanye nini? Apanda juu ya lami, kwa maana ndipo pakavu. Kipofu na mwenye kiti cha magurudumu hawana hata hiyo nafasi ya kuruka mtaro, ingawa Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inasema wazi kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufika mahali pote na kutumia vyombo vya usafiri vya umma.

Hapana anayependa kutembea mbele ya lori. Wapita njia wamewekwa hapo na barabara iliyopimwa kwa upana wa magurudumu, na waliopima hawakuhesabu nyayo. Askari wa kaunti wakija na marungu leo watawaondoa, na kesho watu watakuwa hapo hapo, kwa kuwa pembeni bado pana mtaro.

Sasa niseme juu ya wachuuzi, maana hao ndio waliotajwa kwa ukali kuliko wengine. Mwenzetu mmoja alikumbusha mkutano juu ya msiba wa Londiani. Alifanya vema. Tarehe 30 Juni 2023, katika makutano ya barabara ya Londiani, kaunti ya Kericho, ambayo ni jirani yetu, lori lilitoka barabarani likawaingia wachuuzi, abiria na magari yaliyokuwa yamesimama. Waliokufa walizidi 50. Baada ya hapo Waziri wa Barabara alitangaza kwamba masoko ya kandokando ya barabara kuu yahamishwe. Mwenzetu alimaliza kwa kusema: Mwaona basi, hata Serikali imesema.

Nami nakubali kwamba hapana mtu apaswaye kuuza nyanya mahali ambapo lori lenye kasi laweza kumfikia. Lakini ahamishwe kwenda wapi? Ndugu madereva, tujiulize soko la pembeni ya barabara hutokea vipi. Halikuanza na yule mama. Lilianza na gari. Matatu husimama mahali, abiria wanashuka, wana njaa, au wakumbuka kwamba nyumbani hapana mboga. Mama wa kwanza huja na beseni la ndizi mbivu. Kesho wako watatu. Mwezi ujao kuna kibanda cha chai na mtu wa kushona viatu, na pikipiki kumi zikingojea wanaoshuka. Mwaka wa pili pale pana jina, na kondakta analiita jina hilo kama kituo. Katika barabara ya Kisii kwenda Nyamira, na ile ya Kisii kwenda Keroka na Sotik, ni nani asiyeweza kutaja mahali pa namna hiyo? Sisi ndio tunaopanda mbegu ya soko kwa kusimama popote, kisha twataka chama kiandike barua ya kulalamika kwamba limeota.

Mahali pengi wachuuzi wamehamishwa kwa nguvu, wakapewa soko jipya lenye ukuta na paa, na kisha soko hilo likabaki tupu kwa sababu gari halisimami hapo. Mama si mjinga. Afuata abiria, na abiria afuata kituo. Yatakiwa kituo na soko vihamishwe pamoja, siku moja, kwenda mahali palipochimbwa ndani, mbali na lami, ili gari litoke barabarani kabisa kabla ya kushusha watu. Kwa sheria kazi hizi mbili ziko katika mkono mmoja: Jedwali la Nne la Katiba limezipa serikali za kaunti masoko, na vilevile barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho na usafiri wa umma. Hawana wa kumsingizia, isipokuwa katika barabara kuu, ambayo ni ya mamlaka ya barabara kuu ya taifa, KeNHA. Na hapa niseme kwa kupita tu kwamba barua iliyopendekezwa haikuitaja KeNHA hata mara moja. Tungemwandikia mtu juu ya nyumba ambayo nusu yake si yake.

Juu ya pikipiki yalisemwa maneno makali zaidi, na mengine siwezi kuyaandika katika gazeti la chama. Ni kweli, wako wapandao upande usio wao, wabebao watu watatu, wasio na leseni wala helmeti, ingawa kanuni za mwaka 2015 zataka abiria mmoja tu na helmeti kwa wote wawili. Lakini kijana huyu alitoka wapi? Hesabu ya watu ya 2019 ilikuta watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira. Katika Kisii ni zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita moja ya mraba. Babu alikuwa na shamba, baba akapata kipande, na kijana akapata mahali pa kujenga nyumba na migomba michache. Shamba limekwisha. Mwaka 2008 Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, bei ikashuka, na vijana ambao ardhi iliwakataa wakapanda pikipiki. Zamani jina lenyewe la bodaboda lilianza Busia kwa baisikeli za kuvusha watu mpakani. Leo ndilo shamba la kijana wa Gusii.

Tena wengi hawamiliki pikipiki wanazoendesha. Zina tajiri. Jioni tajiri ataka hesabu yake, na kinachobaki baada ya mafuta ndicho kijana ale. Ndugu dereva wa matatu, maneno haya hayakukumbushi kitu?

Hapa ndipo penye mzizi, na ndipo nitakapokaa kidogo.

Dereva wetu hakimbii kwa kuwa apenda kukimbia. Akimbia kwa kuwa hana mshahara. Ana hesabu. Gari likienda safari tano na hesabu haijatimia, safari ya sita ndiyo chakula cha watoto wake na cha kondakta. Kwa hiyo kila mtu aliye mbele yake barabarani amekuwa adui wa chakula hicho: mama wa ndizi, mkokoteni, mtoto wa shule avukaye. Na mwenye pikipiki amwona vivyo hivyo. Na msukuma mkokoteni, ambaye alipwa kwa mzigo, ang'ang'ania katikati ya njia kwa sababu akisimama mlimani mzigo utarudi nyuma umponde. Wafanyakazi wanne wanagombana juu ya mita saba za lami, na mtu wa tano, ambaye hayuko barabarani, apokea hesabu yake jioni bila kupungua senti.

Sheria haikusema hivyo. Sheria ya Ajira ya 2007 yataka mkataba wa maandishi kwa kazi ya miezi mitatu au zaidi. Kanuni za magari ya abiria za mwaka 2014 zawataka wenye magari wawe katika kampuni au chama cha ushirika, na wawaajiri madereva na makondakta kwa mikataba kama sheria za kazi zisemavyo. Imepita miaka zaidi ya kumi. Katika mkutano ujao naomba mwenyekiti aulize: walio na mkataba wa maandishi wainue mikono. Tuihesabu mikono hiyo kwanza, ndipo tuhesabu wachuuzi.

Wengine watasema, ukipunguza mwendo utapoteza kazi. Tufanye hesabu ya darasani. Sheria ya Trafiki yasema kasi isizidi kilomita 50 kwa saa ndani ya mji na katika vituo vya biashara. Kilomita moja kwa mwendo wa 50 yachukua sekunde 72. Kilomita hiyo hiyo kwa mwendo wa 30 ni sekunde 120. Tofauti ni sekunde 48. Kama safari yako ina masoko matano, na kila soko lina urefu wa kilomita nzima, ambayo ni kusema kwa ukarimu, umepoteza dakika nne. Dakika nne! Nasi twakaa stendi nusu saa au zaidi tukingojea abiria wa mwisho ajaze kiti. Na kwa upande wa pili: kwa mwendo wa 50 gari laenda karibu mita 14 katika sekunde moja, yaani kabla mguu haujagusa breki. Kwa mwendo wa 30 ni kama mita 8. Katika hizo mita sita ndipo mtoto alipo. Na akigongwa kwa mwendo wa 30, yaelekea atapona. Kwa mwendo wa 50 hatari ya kufa imekuwa kubwa mara nyingi.

Tangu 2021 nchi yetu imezika watu zaidi ya 4,000 kila mwaka kwa ajali za barabarani, na kundi kubwa kuliko yote ni waendao kwa miguu. Wako wasemao ni mapenzi ya Mungu. Uholanzi, nchi ambayo leo watu huitaja kwa baisikeli zake, mwaka 1971 ilizika watu wapatao 3,300, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi waliingia barabarani kuandamana, wakadai njia za baisikeli na mwendo wa pole mitaani. Sasa wafao kwa mwaka hawafiki 800, ingawa magari yameongezeka sana. Mungu wa Uholanzi si mwingine.

Yalisemwa pia maneno haya: sisi twalipa barabara kwa kila lita ya mafuta, bali mwenda kwa miguu halipi kitu, basi asidai. Neno hili lina sura ya haki, kwa hiyo lafaa kujibiwa. Ni kweli kwamba ushuru wa kutengeneza barabara ulikuwa shilingi 18 kwa lita, na tangu Julai 2024 ni shilingi 25. Lakini dereva hutoa wapi fedha za mafuta? Azitoa katika nauli. Mama atokaye Nyamira na mikungu minne alipa nauli yake na ya mikungu. Mafuta yakipanda, nauli yapanda, naye hulipa kutoka fundo la leso yake. Sisi ni wapokezi tu, twakusanya ushuru kwake na kuufikisha kwenye pampu. Akishuka garini, atembee katika tope, na kisha aambiwe hakulipa! Swali la haki ni hili: katika kila shilingi 25, ni ngapi zarudi kutengeneza njia ya miguu? Swali hilo chama chaweza kuliuliza kwa maandishi, na kinayo haki ya kujibiwa.

Jambo moja zaidi, hasa kwa vijana wetu ambao hawakusimuliwa habari za chama. Oktoba 1949 madereva wa teksi wa Nairobi waligoma. Sababu ilikuwa kanuni mpya za baraza la mji zilizowahusu, zilizotungwa bila wao kuulizwa. Fred Kubai na Makhan Singh walikuwa miongoni mwa viongozi wa harakati za wafanyakazi wa siku hizo, na wote wawili walitiwa mbaroni Mei 1950. Madereva wale hawakusema kwamba mji usiwe na kanuni. Walisema kanuni ya kazi yangu isitungwe nikiwa nje ya mlango. Leo tukienda kwa kaunti kwa siri, tukaomba itungwe kanuni juu ya mama wa ndizi na msukuma mkokoteni ambao hawakualikwa, tutakuwa tumekaa upande gani wa mlango huo?

Basi nipendekeze barua nyingine. Kwanza iandikwe ya matajiri, tena kabla ya ile ya kaunti: mikataba ya maandishi na mshahara wa mwezi, ili dereva asiwe mtumwa wa safari ya sita. Najua hii ni ngumu. Wengine watatishwa kufukuzwa. Lakini chama kisichoweza kumwandikia mwenye gari, na chaweza kumwandikia kaunti juu ya mwanamke mwenye beseni, wanachama walipe ada ya nini?

Ya kaunti iombe mitaro ifunikwe kwa zege, kwa kuwa mtaro uliofunikwa tayari ni njia ya miguu, na nchi ya vilima kama yetu ina mitaro pande zote mbili. Sidhani kuna kazi ya bei nafuu kuliko hiyo. Iombe vituo vilivyochimbwa ndani, na soko nyuma ya kituo. Iombe steji za pikipiki zenye alama na paa, mahali ambapo abiria huzihitaji, wala si nje ya mji. Mwendo wa 30 mbele ya masoko na shule, na matuta yaliyopakwa rangi yenye kibao mbele yake, maana tuta lisiloonekana usiku nalo huua. Mikokoteni ipewe saa za asubuhi za kushusha mizigo, saa ambazo wenyewe watakubali. Wakisema haiwezekani, waulizwe kuhusu Kisumu, ambako mitaa ya katikati ya mji ilitengenezewa njia pana za miguu kabla ya mkutano wa Africities wa Mei 2022. Kisumu si Ulaya. Nauli yake twaijua.

Nasi tuahidi jambo la upande wetu, la sivyo hapana atakayetusikiliza: gari la mwanachama lisiegeshwe juu ya njia ya miguu, wala lisishushe abiria katikati ya barabara, na tawi liwe na adhabu kwa avunjaye. Adhabu iwe ndogo, lakini itozwe.

Kabla barua haijaandikwa, katibu awaalike wawakilishi wa akina mama wa Daraja Mbili, wa pikipiki, na wa mikokoteni, tukae nao nusu siku. Wazee wetu walilima kwa egesangio, leo shamba la huyu na kesho la yule, na hawakuanza kwa kumwandikia chifu barua juu ya jirani.

Na barua itolewe nakala tatu: Kisii, Nyamira, na KeNHA. Hii ni kwa ajili ya Keroka, ambayo mpaka wa kaunti hizi mbili wapita ndani yake, nazo zimebishana muda mrefu juu ya nani akusanye ushuru. Kila nakala ionyeshe kwamba wengine wawili nao wameandikiwa, na karani wa tawi aidai sahihi ya mpokeaji pamoja na tarehe.